Kaa Nyumbani: Nyumba Ipi, na Nani Akae?

Neno "kaa" hubeba mengi katika Kiswahili. Ukimwambia mgeni akae, unampa kiti. Ukimuuliza mtu anakaa wapi, unauliza makazi yake. Ukisema fulani amekaa sana safarini, unazungumzia muda. Mwaka 2020 maana hizo zote tatu zilibanwa ndani ya amri moja ya maneno mawili: kaa nyumbani. Kufikia mwanzoni mwa Aprili mwaka huo, zaidi ya nusu ya binadamu walikuwa wameambiwa hivyo kwa namna moja au nyingine. Ilisikika kama amri nyepesi kuliko zote, kwa sababu haikumtaka mtu afanye kitu, ilimtaka asitoke tu.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 5, 2023 kwamba dharura ya UVIKO-19 imekwisha. Barakoa zimetupwa, alama za umbali wa mita moja zimefutika sakafuni. Bado naamini hatujaitazama vya kutosha amri ile. Ilichukulia kwamba kila mtu ana nyumba ya aina moja: yenye maji ndani, akiba ya wiki mbili, chumba cha kumtenga mgonjwa, na mshahara unaoingia mwisho wa mwezi hata mlango ukiwa umefungwa. Walioiandika walikuwa na nyumba hiyo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na safari hii waliolala juu ya kunguni walikuwa wengi kuliko waliotunga sheria.

Tazama India. Saa mbili usiku wa Machi 24, 2020, Waziri Mkuu Narendra Modi alitangaza kwamba kuanzia saa sita usiku uleule nchi nzima ingefungwa kwa siku 21. Watu zaidi ya bilioni 1.3 walipewa saa nne za kujiandaa. Miongoni mwao walikuwamo mamilioni ya vibarua waliotoka vijijini kwenda mijini kujenga majumba, kushona nguo viwandani na kubeba mizigo. Wengi walilala palepale walipofanya kazi: ndani ya jengo ambalo halijaisha, nyuma ya karakana, au katika chumba kimoja ambacho watu hulala kwa zamu. Kazi iliposimama, na pa kulala pakaondoka. Treni za abiria zilikuwa zimesimamishwa, mabasi hayapo. Basi wakaanza kutembea, mamia ya kilomita, watoto mabegani na vifurushi vichwani.

Hapo ndipo neno "nyumbani" lilipogawanyika. Serikali ilipolitamka ilimaanisha mahali ulipo usiku huu. Kibarua alipolisikia alielewa kule alikotoka, kwa watu watakaomlisha akikosa na kumzika akifa. Wote wawili walitaka mtu awe nyumbani, lakini mmoja wao akaonekana mvunja sheria na kurudishwa njiani kwa virungu. Treni maalumu za kuwarudisha makwao zilianza Mei 1, zaidi ya mwezi mmoja baadaye. Mei 8, karibu na Aurangabad katika jimbo la Maharashtra, vibarua 16 waliokuwa wakifuata njia ya reli kwa miguu walizidiwa na uchovu, wakalala juu ya reli. Treni ya mizigo ikawaua alfajiri. Sijapata kuliona tukio jingine la janga lile linalonionyesha waziwazi namna hii kwamba amri inaweza kuwa sahihi kitabibu na ikawa imekosea watu.

Mtu atasema hiyo ni shida ya nchi yenye watu wengi na fedha kidogo. Singapore ni tajiri na inasifika kwa mipango, na mapema mwaka 2020 ilitajwa kama mfano wa kuigwa. Ila wafanyakazi wageni zaidi ya 300,000, wengi wao wajenzi, waliishi katika mabweni, watu kumi na zaidi chumba kimoja, vyoo na majiko ya pamoja. Virusi vilipoenea humo mwezi Aprili, mabweni yakafungwa watu wakiwa ndani. Mwaka ulipokwisha, zaidi ya tisa katika kila wagonjwa kumi waliothibitishwa nchini humo walikuwa wakazi wa mabweni hayo. Kwao hatari ilikuwa ndani, na ndani ndiko walikoamriwa kukaa.

Kisha kuna maji. Tuliambiwa tunawe mikono kwa sabuni kila mara, na ushauri huo ulikuwa wa kweli. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani na UNICEF, watu wapatao bilioni 3 hawakuwa na pa kunawia kwa maji na sabuni nyumbani kwao. Mtu anayechota maji kwenye bomba la jumuiya hawezi kukaa ndani na kunawa kwa wakati mmoja. Anachagua: atoke apange foleni, au akae mikono ikiwa michafu.

Sasa nije kwenye kazi, maana hapo ndipo mimi mwenyewe nilipojifunza mengi.

Nilikuwa katika kundi lililobahatika. Kazi yangu ilibebeka: kompyuta, simu, bando la intaneti, basi. Meza ya kulia chakula ikawa ofisi, na wiki ya kwanza niliona afadhali. Sikujua kwamba safari ya kwenda kazini, ambayo nililalamika juu yake miaka yote, ilikuwa inanifanyia kazi. Njiani nilimwacha mtu wa nyumbani nikamvaa mtu wa kazini, na jioni nikafanya kinyume chake. Safari ilipoondoka, watu hao wawili wakakutana kwenye kiti kimoja na hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake. Nikawa najibu barua pepe usiku wa manane na kufua nguo katikati ya kikao huku nimezima kamera. Siku hazikuwa na kingo. Jumanne ilifanana na Jumamosi. Bosi alijua nipo, kwa kuwa ningekwenda wapi? Na hilo la kujulikana upo ndilo lililogeuka kuwa saa za ziada ambazo hakuna aliyezihesabu.

Programu za mikutano ya mtandaoni zilikua kwa kasi ambayo haijapata kuonekana. Zoom peke yake ilitoka kwenye washiriki wa mikutano milioni 10 kwa siku Desemba 2019 ikafika milioni 300 kwa siku Aprili 2020. Waandishi wengi wa safu kama hii wakatabiri kifo cha ofisi. Nadhani tulitabiri hivyo kwa sababu sisi ndio tuliokuwa kwenye hiyo mikutano. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikadiria mwaka huohuo kwamba duniani kote kazi moja tu katika kila sita ingeweza kufanyiwa nyumbani, na hata katika nchi tajiri ni zaidi kidogo ya moja katika kila nne. Maana yake watano katika kila sita walikuwa na njia mbili: kutoka, au kukosa. Hao watano hawakuandika makala. Mjadala mzima wa "kazi baada ya korona", viti vya mgongo, mwanga wa kamera, uchovu wa vikao, ulikuwa mjadala wa mtu mmoja katika kila sita, na ulichukua karibu nafasi yote.

Hata ndani ya kundi hilo mizigo haikulingana. Kabla ya janga, wanawake walikuwa wakifanya robo tatu ya saa zote za kazi za malezi na nyumba zisizolipwa duniani, kwa hesabu ya ILO ya mwaka 2018. Shule zilipofungwa, msaidizi wa nyumbani alipozuiwa kuja na bibi alipotengwa asiambukizwe, saa hizo ziliongezeka, na ziliongezeka kwa yuleyule aliyekuwa nazo. Nimekuwa katika vikao ambavyo sauti ya mtoto ikisikika upande wa baba watu hutabasamu, na ikisikika upande wa mama mtu huuliza kama angependa kikao kiahirishwe. Swali lilikuwa la upole. Lakini lilikuwa linaandikwa mahali fulani, na wakati wa kupandishwa vyeo lilisomwa.

Ureno iliyaona haya mapema. Mwishoni mwa mwaka 2021 ilipitisha sheria inayomtaka mwajiri asimsumbue mfanyakazi wakati wake wa mapumziko. Sheria kama hiyo inakiri jambo ambalo ni gumu kulisema kazini: kwamba nyumba ya mfanyakazi ilikuwa imekodishwa bila kodi kulipwa.

Na wale waliotoka? Nyumba zetu hazikujitegemea hata siku moja. Umeme ulikuja kwa sababu kuna mtu alikuwa zamu. Taka ziliondoka. Chakula kilivunwa, kikapakiwa, kikasafirishwa, kikapangwa rafuni na mtu aliyekaa futi tatu kutoka kwa kila mteja. Wauguzi walivaa mavazi ya kujikinga kwa saa nyingi bila kunywa maji wasije wakalazimika kuyavua, maana yalikuwa haba. Kila jioni katika nchi kadhaa watu walitoka madirishani wakapiga makofi. Sikejeli makofi yale. Wengi walipiga huku wakilia. Ila naona serikali na waajiri walivyoyatumia. Mtu ukimwita shujaa, ni rahisi kusahau kumuuliza mkataba wake ukoje.

Ujerumani ilibidi iulize. Juni 2020, katika kiwanda kikubwa cha nyama huko Rheda-Wiedenbrück, wafanyakazi zaidi ya 1,000 waligundulika kuwa na virusi. Wengi walikuwa wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki walioajiriwa kupitia wakandarasi, wakaishi kwa kubanana katika nyumba walizopangiwa na wakandarasi haohao. Baridi ya kiwandani na msongamano mstarini vilisaidia virusi, na mkataba wa mtu wa kati ulihakikisha hakuna anayewajibika. Kuanzia Januari 2021 sheria ikapiga marufuku ukandarasi wa namna hiyo katika uchinjaji na usindikaji wa nyama. Wafanyakazi hao walikuwa wakiishi vile miaka mingi, na vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimelalamika miaka hiyo yote. Hali yao ilikuja kuonekana pale ugonjwa wao ulipotishia kufika mitaa mingine.

Lakini kundi ambalo amri ya kukaa nyumbani ililisahau kuliko yote ni la wanaojiajiri kwa siku. ILO inakadiria kwamba watu wapatao bilioni 2, zaidi ya asilimia 60 ya wote wenye kazi duniani, wako katika sekta isiyo rasmi. Shirika hilo lilikadiria kwamba katika mwezi wa kwanza wa kufungwa, kipato chao kilishuka kwa asilimia 60. Takwimu hiyo inatisha, na bado haielezi kilichotokea, kwa sababu inazungumzia kipato tu, na mchuuzi anaishi kwa mtaji.

Mtaji wa mchuuzi ni mdogo na unazunguka. Mauzo ya jana ndiyo bidhaa za leo, mauzo ya leo ndiyo bidhaa za kesho, na katikati hapo anachomoa kidogo cha kula. Ukimzuia siku tatu anakula faida. Ukimzuia wiki mbili anakula mtaji. Ukimwachia baada ya miezi miwili unampa ruhusa ya kwenda sokoni, lakini hana cha kupeleka. Mwenye mshahara alirudi kazini kazi ikimsubiri. Mchuuzi alirudi akaanza na deni, kwa riba ya mkopeshaji wa mtaani. Ndiyo maana naona ni kosa kuhesabu gharama ya zuio kuanzia siku lilipotangazwa hadi siku lilipoondolewa. Kwa aliyekula mtaji, zuio liliendelea kwa miaka, na wapo ambao halijaisha kwao.

Kwa dunia nzima ILO ilihesabu kwamba mwaka 2020 zilipotea asilimia 8.8 ya saa za kazi, sawa na ajira za muda wote milioni 255, karibu mara nne ya zilizopotea katika mtikisiko wa fedha wa 2009. Nchi zenye uwezo ziliweka ngao. Uingereza ililipa hadi asilimia 80 ya mishahara ya watu ambao waajiri wao wangewapunguza, na mpango huo uligusa ajira milioni 11.7. Ujerumani ilikuwa na mpango wa siku nyingi wa kupunguza saa za kazi huku dola ikijazia mshahara, na Aprili 2020 watu karibu milioni 6 walikuwa ndani yake. Mipango yote miwili ilimtambua mtu kwa njia ya mwajiri. Asiye na mwajiri yuko wapi kwenye daftari?

Togo ilipata jibu ambalo lingestahili kujadiliwa zaidi ya lilivyojadiliwa. Aprili 2020 ilianzisha mpango ulioitwa Novissi. Mtu alipiga namba fupi kwenye simu yoyote, hata ile isiyo na intaneti, akaweka namba ya kitambulisho chake cha mpiga kura, na akistahili fedha ziliingia kwenye simu. Daftari la wapiga kura lilikuwa limehuishwa karibuni na lilikuwa na kazi ya kila mtu, hivyo mshonaji na dereva wa pikipiki walipatikana bila kujaza fomu. Wanawake walilipwa zaidi ya wanaume, kwa hoja kwamba mzigo wa nyumba uko juu yao. Kulikuwa na walioachwa, hasa wasio na kitambulisho. Lakini nchi yenye fedha kidogo kuliko nyingi za Ulaya ilithibitisha kwamba mtu asiye na mwajiri anaweza kufikiwa ndani ya siku chache, ikiwa aliyekaa mezani anamfikiria.

Kuhusu watoto nitasema kifupi tu, maana yamesemwa mengi. UNESCO ilihesabu wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 waliokuwa nje ya madarasa katika kilele cha kufungwa. UNICEF na shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, ITU, wakasema watoto bilioni 1.3 wa umri wa miaka 3 hadi 17, theluthi mbili ya wote, hawana intaneti nyumbani. Wizara nyingi za elimu zilitangaza masomo ya mtandaoni hata hivyo. Sierra Leone ilirudia redio, kama ilivyofanya wakati wa Ebola. Ilikwishafungiwa ndani kabla ya wengi wetu, na ilijua kilichomo majumbani mwa watu wake.

Na kuna nyumba ambazo hatari yake ni mtu. Aprili 5, 2020 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa António Guterres aliomba amani majumbani, kwa sababu simu za wanawake wanaopigwa zilikuwa zimeongezeka katika nchi nyingi. Aliyekuwa akipumua pale mumewe anapokwenda kazini alipoteza pumzi hiyo. Katika mataifa yaliyofanya vizuri, makazi ya wahanga yaliorodheshwa kama huduma muhimu tangu siku ya kwanza. Kwingineko mwanamke aliyekimbia usiku alikutana na doria ikimuuliza kibali cha kutembea.

Sisemi kufunga hakukuhitajika. Machi 18, 2020 malori ya jeshi yalibeba majeneza kutoka Bergamo, Italia, kwa kuwa mahali pa kuchomea maiti palikuwa pamejaa. Hapakuwa na chanjo. Sindano ya kwanza nje ya majaribio ya chanjo ile ya Pfizer ilidungwa Uingereza Desemba 8. Kukaa mbali na wenzetu ndiyo dawa iliyokuwapo, na ni dawa ya kale: mji wa Ragusa, leo Dubrovnik, uliwatenga wageni kwa siku 30 tangu mwaka 1377, na siku 40 za Waitaliano zilizofuata ndizo zilizotupa neno karantini. Watu wa zamani walikuwa na jambo moja ambalo sisi tulilisahau. Walijua kwamba aliyetengwa ni lazima apelekewe chakula, na wakapanga nani apeleke.

Ninachodai ni kwamba mpangilio ubadilike. Mwaka 2020 kwanza ilitoka amri, kisha polisi wa kuisimamia, na mwisho kabisa, mahali ilipotoka, fedha. Laiti aliyeketi kuandika angeanza na yule asiyeweza kuitii, orodha ya hatua ingekuwa tofauti tangu mstari wa kwanza: usafiri wa kuwafikisha watu makwao kabla ya barabara kufungwa, maji mtaani, vyumba vya kujitenga nje ya mabweni, fedha kwenye simu ya mchuuzi siku ya kwanza kabla hajagusa mtaji. Hakuna kati ya hayo lililohitaji utaalamu ambao dunia haikuwa nao.

Wapo hata waliokosa nchi kavu ya kukaa. Bidhaa zilizojaza nyumba zetu zilikuja kwa meli, na meli zina watu. Bandari zilipofungwa mabaharia hawakuruhusiwa kushuka wala wenzao wa zamu kupanda. Mikataba iliongezwa bila wao kuulizwa; wapo waliofikisha zaidi ya miezi 17 melini, wakati sheria ya kimataifa inataka isifike hata 12. Desemba 1, 2020 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi ziwatambue kuwa watoa huduma muhimu na kuwaruhusu kwenda kwao. Mwezi huo ulipokwisha, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini lilikadiria kwamba 400,000 walikuwa bado melini.